Karai Lililofunikwa Sakafuni

Mpendwa Mama Kendi,

Kifua cha mjukuu wako ni safi. Aliyesema hivyo ni daktari wa watoto hapa Meru mjini, leo asubuhi, baada ya kuweka chombo chake cha kusikilizia mgongoni mwa mtoto, kushoto, kulia, halafu kushoto tena. Nilimwomba arudie. Kazi ya habari imenizoesha kutoondoka na neno nililolisikia mara moja. Akarudia: "Ni safi, mzee. Hakuna mluzi tena." Kisha akatoa sharti. Mtoto asirudishwe Kilifi kwa mama yake mpaka nyumba ile iwe imekauka, na asiwekwe tena karibu na dawa kali za kusafishia. Nyumba isipokauka, atabaki nami huku mlimani, na Kendi atabaki na kazi yake kule pwani, wakionana shule zikifungwa.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Yanayofuata ni maelezo.

Nakuandikia mbele za watu, gazetini, ingawa ulikuwa mtu wa kufunga mlango kabla ya kusema jambo. Nina sababu. Vijana wetu wa Meru na Embu wanateremka pwani kila mwezi kufundisha, kuuguza, kuuza duka, na wengi wanabeba begi lenye mkebe wa nta nyekundu ya sakafu, kama wewe ulivyobeba. Kuna jambo ulilogundua katika nyumba ya kupanga kule Kilifi, Kendi akiwa bado anatambaa. Sijaliona limeandikwa mahali. Tangu tulipokulaza kaburini Mikinduri sijaandika chochote juu yako, na nilidhani sitaandika.

Utakumbuka tulivyofika. Gazeti lilikuwa limenipeleka pwani, nawe ulitoka Runyenjes na mtoto mgongoni, masanduku mawili na lile karai la bati alilokupa mama yako. Nyumba ilikuwa na kuta za mawe ya matumbawe na sakafu ya saruji nyekundu iliyofifia. Ulisimama mlangoni, ukaitazama sakafu ile, ukasema, "Hawa watu hawapigi nta?" Kwenu Embu, kama kwetu Tigania, Jumamosi ni siku ya sakafu. Nta inalainishwa kwa mafuta ya taa, inapakwa, kisha watoto wanakanyaga vipande vya blanketi kuukuu na kuteleza huku na huku mpaka saruji ing'ae kama tunda lililomenywa. Mwanamke hupimwa kwa sakafu yake. Jumamosi ya kwanza ulipiga nta, na iliyofuata, na iliyofuata.

Bi Mwanakombo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja kuangalia harufu ile inatoka wapi. Alivua ndara, akakanyaga hatua moja ndani, akashika kizingiti.

"Mwanangu, hii sakafu au kikaango? Mbona umeipaka mafuta?"

"Ni nta, Bibi. Ndio ing'ae."

"Ing'ae ya nini? Nani atajiangalia uso sakafuni, na kioo kipo?"

Ulicheka mpaka ukaketi. Lakini hukuacha. Ulimjibu kwamba kwenu mgeni akiona sakafu imekauka anadhani mwenye nyumba ni mgonjwa. Naye akasema, "Basi huku kwetu mgeni akiteleza anadhani mwenye nyumba hamtaki."

Hukuishia kwenye nta. Ulipanda sukuma wiki chini ya dirisha la chumba cha kulala, mstari mzima ukiegemea ukuta, kwa sababu huko ulikotoka bustani ya jikoni hukaa ubavuni mwa nyumba na maji ya vyombo humwagwa papo hapo. Ulisukuma kitanda mpaka kikagusa ukuta ili Kendi asipate baridi. Jua likishuka ulifunga madirisha yote. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kosa Embu. Ukungu wa mlima ukiingia ndani jioni, mtoto anaamka na homa. Ulikuwa unamlinda kama ulivyolindwa.

Ndipo bahari ikaanza kuingia ndani ya nyumba.

Nimeona mafuriko yakibeba daraja na moto ukila soko zima. Hivyo ni vitu vinavyokuja na kelele. Bahari ile iliingia kwetu bila tone moja kuonekana. Chumvi katika kikombe iligeuka uji. Kufuli la mlango lilishika kutu likakataa ufunguo. Viatu vyangu vya ngozi, nilivyoviacha chini ya kitanda, vilivaa manyoya ya kijani. Ukipitisha kidole kwenye vyuma vya dirisha na kukilamba, ulionja bahari, na maji yenyewe hatukuwa tunayaona kutoka pale. Wewe ulikuwa unasimama na kitambaa mkononi, ukitazama vitu hivi. Siku moja uliniambia, "Baba Kendi, hii nyumba inaliwa na kitu hakina meno."

Kendi alianza kukohoa. Kikohozi kikavu, kisha mluzi kifuani kila alipolala. Dawa zilimtuliza, zikiisha mluzi unarudi. Uliposogeza kitanda ili ufagie vizuri, ukuta ulikuwa mweusi kwa kuvu, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kichwa chake alipokuwa akilala.

Mimi ningeita fundi. Wewe ulichukua magadi tuliyoletewa na watu wa kwetu kwa ajili ya kulainishia githeri, mahindi na maharagwe, ukayayeyusha katika maji ya moto, ukaanza kukwangua nta kwenye kona moja ya chumba. Nilikuuliza kwa nini kona moja. Ulisema, "Nataka kuona kitu kwanza." Nta ilitoka kama utando wa maziwa. Saruji ilipobaki uchi ulichukua lile karai la mama yako ukalifunika juu yake, ukaweka jiwe juu, ukaenda kulala.

Asubuhi uliniita. Ulikuwa umepiga magoti, na Kendi amekaa mapajani mwako. Ulilifunua karai polepole, kama mtu anayefunua sufuria ya chapati zisipoe. Upande wa ndani wa bati ulikuwa umejaa matone. Saruji iliyokuwa chini yake ilikuwa nyeusi kwa maji, duara kamili, na pembeni yake nta ilikuwa kavu, inang'aa kama kawaida.

Ulipitisha kiganja juu ya saruji ile. Kisha ukasema, na maneno haya ninayo kama yalivyotoka: "Maji yanatoka chini. Tumeiziba mdomo, sasa inapumulia ukutani."

Nimesimama mbele ya mambo mengi yaliyowashangaza watu. Lile duara la maji limebaki la kwanza kwangu. Nyumba nzima ilikuwa inavuta pumzi chini ya miguu yetu, nasi tulikuwa tunaipaka rangi.

Bi Mwanakombo alipoitwa aone, aliinama, akagusa tone kwa ncha ya kidole. Kisha akatoka nje, akaenda moja kwa moja chini ya dirisha.

"Na hii sukuma wiki yako, mwanangu, kila jioni unaimwagilia yenyewe au unaumwagilia ukuta?"

"Si nitaifanyia nini sasa? Imeshika."

"Ihamishe. Jiwe la huku linakunywa kuliko ng'ombe."

Ulihamisha mche mmoja mmoja mpaka kwenye ua, mbali na nyumba. Uliitoa nta yote kwa magadi na brashi, ukiwa umefungua madirisha ya pande mbili ili upepo upite ubavu hadi ubavu. Kuta, kwa kuwa zilipakwa rangi, ulizifuta kwa kitambaa kilicholoweshwa siki, umejifunga leso puani na Kendi amepelekwa kwa jirani. Hukutumia brashi kavu hata mara moja, kwa sababu uliona kuvu ikipigwa brashi inaruka kama unga na kukaa mahali pengine. Siki hukuitia kwenye sakafu. Ulipojaribu tone moja kwenye saruji lilitoa povu, ukasema kinachotoa povu kinaliwa. Mabomba yaliyoota chumvi uliyasugua kwa ndimu, sufuria kwa majivu ya jikoni, magodoro ukayapa jua mpaka alasiri. Kitanda kilikaa mbali na ukuta, kiasi cha mtu kupita. Kila baada ya siku kadhaa ulifunika karai. Duara likawa linapungua, likabaki jasho kidogo, na asubuhi moja ukafunua bati kavu. Wiki hiyo Kendi alilala usiku kucha bila mluzi. Ulimpelekea Bi Mwanakombo sahani ya mukimo, naye akala akiuliza kwa nini watu wa mlimani husaga chakula kabla ya kukitafuna.

Kisha gazeti likanirudisha Meru. Tukajenga hapa nyuma ya Makutano, na kila desturi uliyoiacha kule ikarudi tena, kwa haki. Huku baridi ni baridi. Sukuma wiki ilirudi ukutani, madirisha yakafungwa jioni, nta nyekundu ikarudi Jumamosi. Kendi alikua akiteleza juu ya kipande cha blanketi katika sebule hii, akiimba. Habari za Kilifi zilibaki kati yako na mimi, kama mambo mengi ya watu wawili. Hakuna aliyeona sababu ya kumfundisha mtoto wa Meru jinsi ya kusafisha nyumba ya pwani.

Sasa Kendi ni mwalimu wa sekondari Kilifi. Binti yake anatambaa na kujivuta kwenye viti. Kendi hajaolewa, kwa hivyo hakukuwa na bibi wa upande wa baba wa kushindania jina: mtoto anaitwa Kanana, kama wewe.

Habari za jinsi Kanana alivyougua nilipewa na Kendi mwenyewe, nami nilimwuliza maswali jinsi ninavyomwuliza shahidi yeyote. Alipanga nyumba ya zamani ya mawe. Alipiga nta. Alipanda sukuma wiki chini ya dirisha. Kabati alilisukuma likagusa ukuta, na kitanda cha mtoto kando yake. Mtoto akaanza mluzi. Kuvu ilipochomoza nyuma ya kabati, alimwaga dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Aliona haijatosha, na alikuwa amesikia mahali kwamba siki huua kuvu. Akaongeza siki juu ya ile dawa, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu mtoto alikuwa amelala.

Daktari wa kule alimweleza baadaye kwamba vitu hivyo viwili vikikutana hutoa hewa ya sumu. Naliandika hapa kwa sababu hiyo tu: visikutane. Kendi aliona macho yanamwasha na koo linafunga. Alimnyakua mtoto akatoka naye hadi barabarani bila viatu. Kanana alilazwa na kuwekewa oksijeni. Alipopata nafuu, Kendi alimleta huku kwangu, akarudi peke yake shule zilipofunguliwa. Siku hiyo alipanda gari bila kutazama nyuma, na mtoto alikuwa ananivuta sikio.

Dada yako Wanja alikuja kutoka Runyenjes kumlea Kanana, nami nikateremka Kilifi. Kendi alinifungulia mlango. Sakafu ilikuwa inang'aa. Nilisimama kizingitini kama Bi Mwanakombo.

"Hii nta nani alikufundisha?"

"Baba, si Mama? Mama angeingia hapa akute sakafu imekauka, angeniongelesha kweli?"

Tulivuta kabati. Umbo lake lote lilikuwa limechorwa ukutani kwa weusi, miguu, mabega, hata ule ufa wa mlango. Hapo ndipo mshangao uliponishika. Weusi nilikuwa nimewahi kuuona. Kilichonishika ni kwamba kila kitu katika chumba kile kilikuwa chako. Kitanda kilivyoelekea, kitambaa kilivyokunjwa mara nne kwenye ndoo, miche ya sukuma wiki iliyoachana shibiri na shibiri. Hujawahi kukanyaga nyumba hiyo, na mikono yako ilikuwa imeipanga yote. Kendi alikuwa amerithi kila kitu ila ile asubuhi ya karai, na asubuhi hiyo alikuwepo, mapajani mwako, akitazama.

Nilimwambia alete karai. Analo lile lile. Nilimpa mwenyewe alipohamia kule, kwa sababu ni lako. Analitumia kulowekea nguo. Tulikwangua kona moja, tukafunika, tukaweka jiwe. Asubuhi alifunua yeye. Alitazama matone, akatazama saruji, akaketi sakafuni na nguo zake za shule.

"Baba. Hii yote ilikuwa chini yetu?"

"Mama yako alisema imezibwa mdomo."

"Na hamkuniambia."

"Ulikuwepo."

Aliniangalia kwa lile jicho lako. Kisha akaenda kuomba jembe kwa jirani, akang'oa sukuma wiki kabla ya kwenda kazini.

Magadi ya pale dukani yalikuwa machache, hivyo niliporudi Meru nilienda soko la Gakoromone kununua ya kumtumia. Mama mmoja anayeuza maharagwe na njahi alinipimia, akasimama na mkono hewani.

"Mzee, magadi yote hii? Uko na harusi na hujatualika?"

"Ni ya sakafu."

"Sakafu?" Akamgeukia mwenzake wa vitunguu. "Baite, jamani, mmesikia? Huyu mzee anapikia sakafu githeri."

"Mwache, labda ndiyo inamwoshea vyombo," akasema yule wa vitunguu.

Walicheka hadi mteja mwingine akauliza kuna nini. Niliwaeleza, kwa ufupi, nta na maji na karai. Wa vitunguu aliacha kucheka katikati. Alisema ana kijana wake anafanya kazi Mtwapa, huko huko pwani, na mtoto wa huyo kijana anakohoa tangu wahamie. Akaniuliza, "Hiyo karai, ni lazima iwe ya bati?" Nikamwambia hata sufuria inatosha. Ndiyo siku niliyoamua barua hii isikae mezani kwangu.

Tangu hapo Kendi amekuwa akinipigia kila anapofunua. Amefanya kazi yote ulivyoifanya wewe: magadi sakafuni, siki ukutani na si kwingine, madirisha ya pande mbili, ndimu kwenye mabomba, godoro juani. Dawa ya klorini ameitoa nyumbani kabisa. Mwanzoni alisema duara ni kama sahani. Baadaye, kama kikombe. Juma lililopita alisema hakuna duara, kuna jasho tu kwenye bati, na sauti yake ilishuka alipolisema hilo, kama mtu anayeogopa kuliamsha jambo. Ukuta wa nyuma ya kabati umerudi mweupe, ila kivuli kidogo cha mguu mmoja.

Kanana yuko hapa sebuleni ninapoandika, anatambaa juu ya sakafu yako nyekundu. Wanja aliipiga nta Jumamosi, na huku ni sawa. Mtoto anafika katikati, anasimama kwa magoti, anajitazama humo chini, anapiga kiganja juu ya uso wake. Bi Mwanakombo aliuliza nani atajiangalia sakafuni. Ningempa jibu sasa, lau angekuwepo.

Akilala mchana ninakaa karibu na kumsikiliza. Sina chombo cha daktari, nina sikio tu. Hewa inaingia, inatoka. Nimeandika habari za watu wakubwa waliotaka nchi nzima isimame iwasikilize, na sikuwahi kutega sikio kama ninavyolitega kwa pumzi hii ndogo yenye jina lako. Inapita bila kugusa kitu. Siwezi kukwambia ni nini kinachonipata hapo. Naweza kusema tu kwamba kalamu huwa mkononi na siandiki.

Kuna jambo moja bado. Siku aliporudi Kilifi, Kendi aliacha hapa leso aliyombebea mtoto. Wanja alitaka kuifua, nikamwambia aiache. Kanana huisogelea, huiweka puani, kisha hututazama mmoja mmoja kama mtu anayehesabu waliomo chumbani na kukuta mmoja amepungua. Huyu mtoto anapaswa kwenda kwa mama yake. Lakini kama bado kuna jasho kwenye bati, itabidi nimwambie mama yake kwamba haendi.

Tumekubaliana hivi. Jumamosi jioni Kendi atafunika karai kwenye kona ile ile, na jiwe juu. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, ataniwekea simu sakafuni, alifunue nikiwa nasikiliza. Bati likiwa limelowa, tutangoja na kufunika tena. Likiwa kavu, Jumatatu alfajiri nitamfunga Kanana kwa leso ile na kumpeleka.

Wako wa siku zote,
Baba Kendi